Ukishuka kwenye pikipiki kichwa kinagonga? Pima kioo chako kwa pua

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee kitu ambacho vijana wengi wa mjini tunacho, na ambao hatuna tunakiota usiku na mchana. Pikipiki. Tena siyo pikipiki nzima, ni kile kipande cha plastiki inayopitisha mwanga kinachofungwa mbele juu ya taa, ambacho wenyewe tunakiita kioo. Nitakiita kioo cha upepo, ili usije ukachanganya na saiti mira.

Kioo cha upepo kimekuwa fasheni ile mbaya. Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jijini, uwe Ubungo, Mbagala ama Tegeta, hutakosa kuona washikaji waliofunga. Kuna kirefu mpaka unadhani ni mlango wa friji, na kuna kifupi cheusi kama miwani ya bitozi. Muulize mwenyewe kwa nini amekifunga. Jibu la kwanza atakwambia "kinakata upepo". La pili, akiwa mkweli, atakwambia "si unaona chombo kilivyopendeza?" Mimi nimeuliza wengi, na bado sijakutana na aliyeniambia kwamba kabla ya kununua alikipima.

Na hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Kwa taarifa yako msomaji, kioo cha upepo kinaweza kukupumzisha safari nzima, na kioo hicho hicho kinaweza kukutesa kuliko mtu ambaye hana kioo kabisa. Tofauti ni sentimita chache za urefu. Halafu hizo sentimita hazihesabiwi kwa aina ya pikipiki kama wauzaji wanavyotuambia ("hiki cha Boxer, hiki cha TVS, chukua ufunge"), zinahesabiwa kwa kimo cha anayeipanda. Kinachomfaa jirani yako mfupi kinaweza kukutia wazimu wewe mrefu, hata kama pikipiki zenu ni mapacha.

Mfano ninao ndani ya ukoo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, kazi yake ni kusambaza spea. Asubuhi anazichukua Kariakoo, anawapelekea mafundi wa Kibaha, Mlandizi mpaka Chalinze, halafu anageuza. Dar mpaka Chalinze ni kama kilometa 100, kwa hiyo siku akienda mpaka mwisho anakula kilometa 200 juu ya Boxer yake. Jamaa ni mrefu kama mlingoti wa bendera. Jirani yake naye ana Boxer ya aina ile ile, ila yeye ni mfupi. Basi bwana, yule jirani akafunga kioo, akakisifia mtaa mzima, eti sasa anakwenda Chalinze kama yuko sebuleni. Binamu kusikia hivyo akaenda duka lile lile, akanunua kile kile, akafungiwa na fundi yule yule.

Wiki ya kwanza haikuisha. Akifikisha spidi 70 tu, helmeti inaanza kutikisika na kichwa ndani yake, kama njugu kwenye kopo. Taa za magari anaziona mbili mbili. Masikioni kunanguruma kama amesimama chini ya ndege. Akirudi jioni shingo imekaza, chakula hakipandi, na usiku akilala anasikia mlio mwembamba "wiiii" usiokoma. Shangazi akaanza kuhisi mambo mengine. "Mwanangu, ndugu yako hakuwa hivi," aliniambia siku moja nilipopita kumsalimia. "Kuna mtu hapendi anavyohangaika. Nimpeleke wapi?"

Binamu yeye hakuamini mambo ya kurushiwa, alimwamini fundi. Fundi akasema ni beringi za usukani. Zikabadilishwa. Mtikisiko uko pale pale. Fundi akasema basi ni tairi ya mbele. Ikabadilishwa. Wapi! Hela ya kazi ya wiki mbili ikaondoka hivi hivi. Halafu ikaja siku ile karibu na Mlandizi, lori lilipompita kwa kasi, upepo wake ukampiga kichwani wakati macho yenyewe yalikuwa hayatulii, akajikuta gurudumu la mbele liko kwenye changarawe nje ya lami. Hakuanguka. Alisimamisha pikipiki, akakaa chini kwenye majani, akanipigia simu. "Kaka, nitafutie mteja. Mimi hii kitu naiuza."

Sasa mjue, ile pikipiki ndiyo inayolisha nyumba. Shangazi ana wadogo wawili bado wanasoma, na baba yao alishafariki. Kuiuza ile Boxer ni sawa na kufunga jiko.

Kilichokuwa kinamsumbua siyo beringi wala jicho la mtu. Ni upepo, na unaweza kuuelewa hata kama fizikia uliiachia kidato cha nne kama mimi.

Siku ukipita pale daraja la mto Ruvu wakati wa masika, simama utazame nguzo. Maji yanakuja yamenyooka, yakifika kwenye nguzo yanagawanyika, na nyuma ya nguzo hayaendi tena moja kwa moja. Yanajikunja, yanazunguka, yanatengeneza vishimo vinavyozaliwa na kufa kila dakika. Hewa nayo iko hivyo hivyo ila hatuioni. Ukiendesha pikipiki isiyo na kioo, hewa inayokufikia kichwani imenyooka. Ina nguvu, inasukuma, lakini inasukuma upande mmoja kwa utulivu. Ukifunga kioo, hewa inapanda juu yake mpaka kwenye ukingo, na ikishavuka ule ukingo inakutana na hewa iliyotulia nyuma ya kioo. Iliyo na kasi inasuguana na iliyolala, pale katikati panazaliwa vimbunga vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, mara nyingi kwa sekunde. Kichwa chako kikiwa kwenye mstari huo, kimbunga kimoja kinakupiga kushoto, kingine kulia, kingine kinakuinua kidevu. Ndiyo hiyo njugu kwenye kopo.

Kwa hiyo kichwa kina sehemu mbili salama tu. Ama kiwe chini ya ule mkondo wa vurugu, ndani ya hewa iliyotulia nyuma ya kioo, ama kiwe juu yake kwenye hewa iliyonyooka. Katikati hapakaliki. Yule jirani mfupi alikuwa chini ya mkondo. Binamu yangu, kwa urefu wake, ukingo wa kioo kile kile ulimfikia chini kidogo ya kidevu, na vurugu yote ikawa inamalizikia usoni.

Utaniuliza, mbona akienda taratibu mjini hasikii kitu? Kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na spidi. Spidi ikizidishwa mara mbili, upepo unasukuma mara nne. Ukiwa kwenye 40, kila mita moja ya mraba inayoukabili upepo inasukumwa kama na uzito wa kilo 7 na nusu hivi. Ukifika 80 ni kilo 30. Kifua cha mtu siyo mita ya mraba, lakini chukua hata robo yake uone mzigo unaousukuma kuanzia Kibaha mpaka Chalinze. Wale jamaa wa bodaboda wanaovaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi kifuani na zipu nyuma, msiwacheke. Wamelifahamu tatizo la kifua bila kufundishwa na mtu. Tatizo la kichwa ndilo jaketi haliliwezi.

Wazungu wenyewe hawakubahatisha hili jambo. Kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ilijijengea chumba cha upepo pale kiwandani kwao Mandello del Lario tangu miaka ya 1950, ili ijaribu pikipiki nzima na mwendeshaji akiwa juu yake. Kule Marekani mtu mmoja aitwaye Craig Vetter alileta kinga yake kubwa ya Windjammer mwaka 1971, ikafungwa kwenye pikipiki za kila kampuni. Na mwaka 1976 BMW walitoa R100RS, ambayo umbo la mbele lilichongwa baada ya kupimwa kwenye chumba cha upepo cha Pininfarina. Siku hizi pikipiki za bei mbaya zina kioo kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza swichi, na kama urefu mmoja ungemfaa kila mtu wasingehangaika kuiweka hiyo swichi. Sisi wa Boxer swichi yetu ni spana namba kumi na akili.

Kupima ni hivi. Panda pikipiki yako, mtu akushikilie isimame wima, kaa kama unavyokaa siku zote ukiwa safarini, siyo kama unapigwa picha. Vaa helmeti yako (wengine wanaiita elementi, sawa tu, mradi iko kichwani na siyo kwenye kiwiko). Mwambie mwenzako ashike ubao mrefu au rula ya fundi seremala, aulaze sawasawa kuanzia ncha ya pua yako kwenda mbele mpaka juu ya kioo. Usiulaze ukashuka kufuata macho yanapotazama barabarani, uende bapa kama maji kwenye beseni. Watengenezaji wengi wa vioo hivi hushauri kwamba kwa mtu anayetaka kukaa nyuma ya kioo, ukingo wa juu uwe usawa wa ncha ya pua. Sababu ni kwamba hewa ikitoka kwenye ukingo inaendelea kupanda kidogo kabla ya kunyooka, kwa hiyo inakuruka juu ya helmeti, na wakati huo huo macho yako yanatazama barabara juu ya kioo bila kupitia kwenye plastiki.

Hapo kwenye macho nakazia. Kioo kirefu kinachokupita macho, ambacho lazima utazame kupitia ndani yake, mchana hakina shida sana. Ngoja mvua inyeshe usiku. Helmeti ina waipa ya kidole chako, kioo hakina. Taa za basi linalokuja zinatawanyika kwenye matone na mikwaruzo, mbele kunakuwa kweupe tupu. Barabara ya Morogoro usiku ndivyo ilivyo, unaijua, malori yamejipanga kama treni. Mimi kioo cha kupita macho simshauri mtu, hata angepewa bure.

Halafu kirefu kupita kiasi kina mambo yake mengine. Nyuma yake hewa inakuwa pungufu, basi hewa ya pembeni na ya mgongoni inakimbilia kuja kujaza. Matokeo yake unasikia unasukumwa mgongo kuelekea kwenye tangi, vumbi na moshi vinakurudia usoni, na mvua inakulowesha kutokea nyuma. Ndiyo maana vioo vingine vimetobolewa matundu ya hewa kwa chini, au fundi mwenye akili anaacha nafasi ya vidole viwili kati ya kioo na taa. Ule upenyo siyo uzembe, usiuzibe kwa mpira.

Turudi kwa binamu. Jumapili moja, kabla hajapata mteja, nilimwomba tufanye jaribio, maana nilikuwa nimeshasoma habari hizi. Tulitoka alfajiri magari yakiwa machache, mimi nyuma. Kwenye kipande kilichonyooka akashika 70 asiongeze asipunguze. Nikamwambia ainame taratibu, kidevu kikishuka kuelekea usukani. Alipokuwa ameshuka kama kiganja kimoja na nusu, akapiga kelele, "Kaka, kimya!" Nikamwambia ainuke sasa, asimame kidogo kwenye pedali, magoti yamekunjwa, kichwa kipande juu. Kule juu nako kukawa hakuna mtikisiko, kuna upepo tu wa kawaida unaomsukuma. Akikaa kawaida, njugu kwenye kopo.

Jaribio lile halikutugharimu senti tano, na limejibu kitu ambacho beringi mpya na tairi mpya havikujibu. Ukipata utulivu kwa kuinama, kioo chako ni kifupi kwako kwa kiasi hicho ulichoinama. Ukipata utulivu kwa kuinuka, unaweza vile vile kukipunguza, vurugu ikapigie mabegani na kifuani ambako hakuna macho wala masikio. Ukiona huku na huku hupati nafuu, basi ndiyo uanze kumtafuta fundi wa usukani. Lakini fanya jaribio mahali palipo wazi, kusiwe na gari nyuma yako, na usiachie usukani hata mkono mmoja.

Kabla ya kununua kirefu zaidi kuna ujanja wa boksi. Kata kipande cha boksi gumu, kibandike juu ya kioo kwa soloteipu pana mbele na nyuma, kizidi ukingo kwa zile sentimita ulizoinama. Tulifanya hivyo tulipofika Kibaha, kituko kweli kweli, watu wa kijiweni walidhani tunauza maandazi. Lakini kuanzia pale mpaka Mlandizi kichwa kilitulia kabisa. Ukipenda ulivyojisikia, sasa unajua ununue kirefu kiasi gani. Hela yako haiendi kwa kubahatisha.

Na bado binamu hakununua kirefu. Sababu zake nilizikubali. Kwanza joto. Nusu ya siku yake iko kwenye foleni za Kariakoo na Ubungo, na nyuma ya kioo kirefu Dar es Salaam hii mwezi wa pili utaiva kama kiazi. Pili bei. Tatu upepo wa ubavuni, ambao nitausema hivi punde. Tulijaribu pia kuking'oa kabisa, kichwa kikawa safi lakini kifua kikachoka kabla ya Chalinze. Akajaribu kukilaza zaidi kwa kuongeza washa kwenye bolti. Jaribuni hili mapema kwa sababu ni la bure, na wapo linaowatosha. Kwake likapunguza kidogo tu. Basi akaamua kukata.

Alikata sentimita 5, akaenda Kibaha na kurudi. Bado, ila nafuu. Akakata 5 nyingine. Kioo kikabaki cha kifuani, mkondo ukapita mabegani, kichwa kikatoka juu kwenye hewa iliyonyooka. Amerudi kwenye kazi yake ya Chalinze. Ule mlio wa usiku ulichukua muda, ukapungua siku hadi siku. Shangazi bado anaamini ni maombi, na mimi sibishani na mtu aliyeninyonyesha pamoja na watoto wake. Jirani mfupi hakugusa chake, na asikiguse, kinamfaa yeye.

Ukiamua kukata usiwe na papara. Bandika soloteipu ya karatasi pande zote mbili pale utakapopitisha msumeno, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, mwendo wa pole, maana plastiki ikipata joto inayeyuka na ikilazimishwa inapasuka. Punguza kidogo kidogo, kwa sababu iliyokatwa hairudi. Halafu pitisha msasa mpaka ukingo uwe wa mviringo kama mdomo wa glasi. Hii siyo kwa ajili ya urembo. Siku ya ajali ukingo ule uko mbele ya shingo yako.

Sasa upepo wa ubavuni. Kioo ni tanga, msomaji. Nahodha wa jahazi anajua tanga kubwa linavyoburuta chombo kusi ikikaza. Ukivuka daraja la Nyerere la Kigamboni, lile lililofunguliwa 2016, jioni ambapo upepo umeamka, utausikia unakuja kwa ubavu. Kwenye nyanda za wazi kama Singida ndiyo usiseme. Kioo chako kikiwa kimefungwa kwenye usukani, na vyetu vingi vimefungwa hapo, kila upepo unaokipiga unaupeleka kwenye usukani moja kwa moja, na kadiri kioo kilivyo kirefu ndivyo usukani unavyovutwa. Kilichofungwa kwenye fremu au kwenye nyumba ya taa isiyogeuka na usukani hakina tabia hiyo. Kwa hiyo mwenye kirefu cha usukani, kwenye daraja na unapopishana na malori punguza mwendo, na usukani uushike kwa utulivu bila kuukaba. Ukisikia pikipiki inaanza kuchezacheza mkia kwenye mwendo, achia mafuta taratibu, usikanyage breki kwa hofu.

Wale wa Njombe, Mufindi na Makambako najua mnanisoma mkicheka. Kwenu mwezi wa sita na wa saba mtu anaendesha na glovu mbili mbili, hamna habari na joto la Kariakoo. Nyie fungeni kirefu cha usawa wa pua na msione haya.

Masikio nayo yana hesabu yake. Wataalamu wa Marekani wa afya kazini wanasema kelele ya desibeli 85 usikae nayo zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo peke yake huweza kuvuka 95, na hiyo ni kabla hujawa na kioo kinachokupiga vimbunga usoni. Sikio likishakufa halina spea Kariakoo. Vile vizibo vya sponji vya masikioni vinapatikana kwa bei ndogo, vinapunguza ule mvumo wa upepo na honi bado unaisikia. Binamu anavitumia mpaka leo hata baada ya kukata kioo, na anasema akifika nyumbani ana nguvu ya kuongea na mama yake.

Helmeti yenyewe isiwe pana. Inayocheza kichwani itatikisika hata ukifunga kioo cha BMW. Ivae, shika sehemu ya kidevu, igeuze kushoto na kulia. Ngozi ya uso inapaswa kwenda nayo. Na zile zenye kepi ndefu mbele kama za mashindano ya vumbi ni bomba kwa picha, lakini kwenye 80 ile kepi inakuvuta kichwa nyuma kama mtu amekushika nywele.

Nikitaja nywele nawakumbuka dada zetu wanaokaa nyuma. Siti ya nyuma iko juu kidogo, kwa hiyo kioo kinachompa dereva raha mara nyingi kinamrushia abiria ile vurugu usoni. Dereva anasema "leo upepo hakuna kabisa," sista nyuma macho yanatoka machozi na rasta zinampiga viboko. Kama unambeba mwenzio mara kwa mara, mfanyie na yeye jaribio la kuinama na kuinuka, halafu msikilize. Kusogea karibu na mgongo wa dereva kunasaidia, na sitaki kusikia kwamba mimi ndiye niliyewafundisha.

La mwisho ni usafi. Usikifute kioo kwa petroli wala thina, hata kama fundi anafanya hivyo na kila kitu. Plastiki nyingi za vioo hivi zikiguswa na petroli zinaota nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na siku ya jua la jioni mbele yako huoni kitu. Maji na sabuni ya kawaida ya vyombo, kitambaa laini, basi. Wale wadudu wanaogandia jioni ukipita Ruvu usiwakwangue wakiwa wakavu. Loweka kitambaa, kilaze juu ya kioo dakika kumi, wakati huo kanywe chai, ukirudi watatoka wenyewe.